Ufundi wa Mnunuzi wa Nairobi

Miongoni mwa fani ambazo jiji la Nairobi limezikuza kwa miongo mingi bila kuzijengea chuo wala kuzitolea shahada, ipo fani ya kununua, yaani ule ujuzi wa kuamua shilingi ipi itoke leo, ipi ingoje, na ipi isitoke kamwe. Fani hii haina budi kutenganishwa mapema na ubahili, kwa sababu bahili huipenda fedha yenyewe na huumia kuiona ikitoka, ilhali mnunuzi stadi huipenda nyumba yake, na fedha kwake ni chombo tu cha kuitunza. Bahili hana haja ya kujua chochote kuhusu bidhaa, maana jibu lake ni lile lile kwa kila muuzaji. Mnunuzi stadi, kinyume chake, hulazimika kujua kitambaa, nafaka, mizani, msimu, njia za matatu na tabia za watu, na ujuzi wote huo kuuweka tayari katika dakika chache anazosimama mbele ya meza ya biashara.

Upande wa magharibi wa jiji ndio unaoidhihirisha fani hii kwa uwazi zaidi, kwa kuwa huko vipato vilivyo mbali sana vimekaa ukuta kwa ukuta. Lavington imepakana na Kawangware, Kangemi ni jirani wa Loresho na Mountain View, na Kibera huanza karibu na pale nyumba za Woodley zinapoishia. Mlinzi, mpishi na yaya wanaoivuka mipaka hiyo kila asubuhi, wengi wao kwa miguu, wanazijua bei za pande zote mbili, jambo ambalo waajiri wao aghalabu hawalijui. Wameona nyanya ile ile ikiuzwa kwa bei mbili katika umbali wa mwendo mfupi, na wamejifunza kuuliza sababu.

Mahali pafaapo kuutazama ufundi huu ukitenda kazi ni soko la Toi, lililoko kati ya Kibera na Barabara ya Ngong karibu na Adams Arcade, soko ambalo liliteketea katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 na likasimamishwa tena na wafanyabiashara wake. Nguo za mitumba, yaani zile zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, huingia nchini katika marobota yaliyobanwa kwa mashine na kufungwa kwa mikanda, mengi yake yakiwa ya kilo 45, na robota likishafunguliwa nguo hugawanywa kwa madaraja ambayo mnunuzi mzoefu anayajua kwa majina. Kamera ni zile chache zilizo bora kabisa, ambazo huchaguliwa mwanzo na kwa bei ya juu. Fagia ni masalio yanayouzwa kwa bei ya chini mno baada ya wachaguzi wote kupita. Na kati ya hizo mbili yapo madaraja ambayo ndiyo uwanja halisi wa mwenye jicho. Asiye na ujuzi hudhani kwamba busara ni kuingoja fagia, lakini koti la kamera lililoshonwa kwa sufu nzuri huweza kuvaliwa miaka mingi ya baridi ya Julai, wakati makoti matatu ya fagia yatakuwa yamechakaa na kutupwa, na gharama yake ikigawanywa kwa siku za kuvaliwa, hesabu ambayo huitwa gharama ya kila matumizi, lile lililoonekana ghali hutokea kuwa ndilo la bei nafuu.

Uchunguzi wa nguo huanza ndani, si nje. Mnunuzi huigeuza na kuutazama mshono kama umeshonwa mara mbili na kama kitambaa kilichobaki pembeni mwa mshono kinatosha kupanuliwa. Huangalia kola mahali inapogusa shingo, kwapa mahali jasho linapodhoofisha nyuzi, na magoti mahali suruali inapopauka kwanza. Huiinua juu ili mwanga wa jua umwonyeshe vitundu ambavyo meza ilivificha. Huivuta zipu juu na chini zaidi ya mara moja. Kisha hukikunja kitambaa kiganjani, akikibana na kukiachia, ili ajue kama ni pamba inayobaki na makunyanzi au ni nyuzi za kiwandani zitakazong'aa zikipigwa pasi. Haya yote hufanyika huku mazungumzo yakiendelea, na mkono haukomi wakati mdomo unasalimia. Ni ustadi wa kupendeza kuutazama, na anayeukuta kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona kwamba mama mmoja aliyesimama kando ya rundo la sketi hutambua kwa vidole kile ambacho lebo iliyokwanyuliwa haiwezi tena kukisema.

Hapo ndipo fundi wa cherehani anapoingia, kwa kuwa ndani ya soko au pembezoni mwake hakosekani mtu mwenye cherehani ya kukanyaga anayeweza kupunguza kiuno, kupandisha pindo au kubadilisha bitana iliyochanika. Mnunuzi stadi humhesabu fundi huyo kabla ya kutaja bei, maana bei kamili ya nguo si ile inayotamkwa na muuzaji bali ni jumla ya bei hiyo, malipo ya fundi na nauli. Na kwa kuwa anajua kwamba mabega ya koti ni kazi ngumu kurekebishwa ilhali mikono ni kazi nyepesi, hulikataa koti lenye mabega makubwa hata likipunguzwa bei mara mbili, na huchukua bila wasiwasi lile lenye mikono mirefu. Ujuzi wa mnunuzi na ujuzi wa fundi ni ujuzi mmoja uliogawanywa kwa watu wawili.

Mapatano ya bei nayo yana adabu zake. Kuitukana bidhaa ili ishuke thamani ni dalili ya ugeni, kwa sababu muuzaji amekwisha kulipia robota lote pamoja na nguo mbovu zilizokuwa ndani yake, na tena mnunuzi anatarajia kurudi. Mzoefu huuliza bei ya mwisho kwa upole, hutaja yake, hukubali kuitwa kastoma na kuitikia, na hujua kuwa mteja wa kwanza wa siku, yule ambaye muuzaji humwomba amfungulie biashara, ana nafasi asiyokuwa nayo mteja wa saa sita mchana.

Kwamba maisha ya wengi yameegemea ustadi huu kulionekana wazi pale serikali zilipoigusa biashara yenyewe. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vifufuke, lakini Kenya ilijitoa katika mpango huo mwaka uliofuata, baada ya Marekani kutishia kupitia upya nafuu za kibiashara ilizozitoa. Na mwaka 2020, kwa hofu ya korona, uingizaji wa mitumba ulisimamishwa kuanzia Machi hadi Agosti. Hoja ya viwanda ni ya haki na haistahili kudharauliwa. Hata hivyo, mjadala huo mara nyingi humtaja mvaaji wa mitumba kana kwamba ni mtu asiye na chaguo, na hilo ni kosa, kwa maana hakuna mvaaji nguo anayechagua kwa makini zaidi yake.

Ufundi wa chakula ni wa namna nyingine, kwa kuwa hapo adui ni kipimo. Katika maduka ya Kawangware na Kangemi mafuta ya kupikia, sukari na sabuni huuzwa kwa kupimwa, kwa kiasi kinacholingana na sarafu za siku hiyo, mtindo ambao Wakenya wameuita kadogo. Mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, yaani mkebe unaobeba takriban kilo mbili. Njia ya kuutathmini ununuzi wa aina hii ni kutafuta bei ya kipimo, ambayo ni bei ya kilo au lita moja bila kujali ukubwa wa kifurushi. Ikiwa gramu 50 za sukari zinauzwa kwa shilingi 10, mnunuzi ameinunua kilo kwa shilingi 200, hata kama pakiti ya kilo katika supamaketi inauzwa 160. Mwanasosholojia David Caplovitz aliuchunguza ukweli wa namna hii miongoni mwa familia za kipato cha chini huko New York na kuuchapisha mwaka 1963, akionyesha kwamba maskini hulipa zaidi kwa bidhaa zile zile.

Lakini kusema kwamba anayenunua kadogo hajui hesabu ni kumkosea heshima. Katika miaka ya 2012 na 2013 shirika la FSD Kenya lilifuatilia mapato na matumizi ya kaya takriban 300 katika sehemu mbalimbali za nchi, Nairobi ikiwemo, na ripoti yake ya 2014, iliyopewa jina Shilingi kwa Shilingi, ilidhihirisha jinsi fedha za kaya hizo zinavyoingia kwa vipande vidogo, kutoka vyanzo vingi, na bila ratiba ya kutegemewa. Mtu anayelipwa kwa siku hanunui kwa mwezi. Isitoshe, yapo mambo ambayo bei ya kipimo haiyaoni: lita tatu za mafuta zikiwa nyumbani mkono wa mpishi huwa mwepesi, jirani huja kuazima, na shilingi zilizofungwa ndani ya mtungi wa mafuta haziwezi kumpeleka mtoto hospitali usiku. Kadogo, basi, ni bima inayolipiwa kila siku, na bei ya juu ndiyo ada yake. Kilicho ghali ni kuendelea kuilipa ada hiyo kwa bidhaa ambazo hazihitaji bima, kama chumvi na kiberiti, na hapo ndipo stadi anapojitofautisha na mwenzake.

Jibu zuri kuliko yote kwa tatizo hili wamelibuni wanawake wenyewe kupitia chama, yaani kikundi cha watu wanaochangia fedha kwa zamu au kwa lengo maalumu. Wanachama hukusanya michango yao, mmoja au wawili wenye uzoefu huteremka alfajiri hadi soko la Wakulima katika Barabara ya Haile Selassie, lile ambalo wakazi hulijua zaidi kama Marikiti, au kwenye maduka ya nafaka ya Nyamakima, na gunia la kilo 90 hugawanywa kwa gorogoro nyumbani kwa mmoja wao. Kila mtu hupata bei ya jumla bila kufunga fedha za mwezi mzima, na nauli ya wawili huwa imegawanywa kwa wanachama wote. Anayeifanya safari hiyo peke yake kwa ajili ya kilo nne za maharagwe atakuwa ameirudisha faida yote kwa kondakta wa matatu.

Kuhusu nishati, jiji hili limetoa mfano ambao ulimwengu umeuiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na wazo lililochukuliwa kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand, mafundi wa jua kali wa Nairobi, yaani wale wa karakana ndogo zisizo rasmi, walianza kutengeneza jiko la makaa lenye ganda la bati na kiini cha udongo uliochomwa, ambalo hupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya robo na nusu likilinganishwa na jiko la bati tupu. Jiko hilo lilikuwa ghali kuliko la zamani, na bado kaya nyingi zililinunua, kwa kuwa ziliielewa hesabu ya muda wa kurudisha gharama, yaani idadi ya siku ambazo akiba ya makaa huchukua kuifidia bei ya ziada iliyolipwa mwanzoni. Kwa anayenunua makaa kwa mkebe kila jioni hesabu hiyo huonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo hiyo mpangaji anayeishi peke yake hutenda kwa busara anaponunua githeri, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, iliyokwisha kuchemshwa kando ya barabara, kwa maana maharagwe makavu hula makaa ya saa nyingi, na mama anayeyachemsha kwa sufuria kubwa huugawa moto mmoja kwa wateja hamsini.

Simu imeongeza kitu kigumu katika fani hii. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, iliwapa watu mahali pa kuweka akiba pasipo na mkono wa jirani. M-Shwari ya 2012 ilikuja na mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, na Fuliza ya 2019 ikamruhusu mtu kulipa hata salio likiwa limekwisha. Shilingi 75 kwa kila elfu huonekana ndogo, lakini anayekopa elfu ile ile kila mwezi hulipa 900 kwa mwaka na bado ana deni la elfu. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na kwa bahati njema daftari la sasa huandikwa na simu yenyewe, katika taarifa ya miamala ambayo kila mteja anaweza kuiomba na ambayo ni wachache mno wanaoisoma.

Ukomavu wa fani hii, hata hivyo, hupimwa kwa yale ambayo stadi hukataa kuyaokolea fedha. Dawa hainunuliwi kando ya barabara, waya wa umeme haununuliwi kwa urahisi wa bei yake, na gesi ya kupikia hainunuliwi kwa mjazaji asiye na leseni, hata bei yake ikivutia namna gani. Moto uliozuka Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, karibu na kituo cha gesi kisicho na kibali, uliua na kujeruhi watu ambao wengi wao hawakuwa wamenunua chochote hapo. Mnunuzi anayeijua kazi yake huomba mtungi wa kilo sita uwekwe juu ya mizani, husoma uzito wa mtungi mtupu uliopigwa chapa kwenye chuma chake, hutoa huu kutoka ule, na ikiwa kilichobaki hakifiki kilo sita huurudisha mtungi na kudai mwingine, mbele ya foleni yote, bila kupandisha sauti.