Sifa za Wasioinua

Mama mwenye kilo 180 akianguka chooni, ghorofa ya nne, mtaa wa Pipeline jijini Nairobi ambako nyumba nyingi hazina lifti, wa kwanza kufika ni vijana wa jirani. Wanakunja mikono ya mashati. Mmoja ameshaleta blanketi. Mhudumu wa ambulensi akiingia, kazi yake ya kwanza ni kuwazuia, kisha kuwapa kazi nyingine: ondoeni madumu kwenye ngazi, ng'oeni mlango wa choo.

Ninawasifu wahudumu hawa kwa kile wanachokataa kufanya. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, alipendekeza mhudumu asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 16 za mwili wa mgonjwa, hata mgonjwa akiwa mtulivu. Mguu mmoja tu wa mama yetu unapita hapo. Basi hainuliwi. Anageuzwa ubavu, shuka telezi la nailoni linapitishwa chini yake, anatelezeshwa. Penye uwezo huletwa godoro la kujazwa upepo, likampandisha kutoka sakafuni hadi usawa wa machela, na mgongo wa mtu usikazwe.

Ila pumzi hutangulia shuka. Akilazwa chali, tumbo husukuma juu, mapafu yakakosa nafasi, na aliyekuwa akiongea akaanza kukata maneno. Mhudumu hupanga mito na mablanketi chini ya mabega na kichwa mpaka tundu la sikio lilingane na kibonde cha chini ya koo. Presha nayo ina hila zake: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo, na anayevuja damu ndani akaonekana mzima. Asiye na mkanda mpana hupima kwenye kigasha, na huandika kwamba alipima hapo.

Kwangu mimi, kilele cha ufundi huu ni swali. Watazamaji wakishatolewa na mama akishafunikwa, mhudumu huinama: “Mama, una kilo ngapi? Nataka machela itakayokutosha.” Si kila mtu anaweza kuuliza hivyo bila kumwaibisha aliye chini. (Wapo wanaokisia kwa sauti, mbele ya watu. Hao siwasifu.)

Ngazini, ambako machela haina budi kubebwa, anahesabu mmoja tu, na wabebaji hukubaliana mapema kama wataanza kwenye “tatu” au baada yake. Linasikika kama jambo la kitoto, lakini wawili wakitangulia, machela huinama.

Kabla gari halijaondoka, hospitali hupigiwa simu na kutajiwa kilo zile. Isipoambiwa, itampokea kwa kitanda chembamba, na kazi yote ya kumhamisha ianze upya mlangoni, mikononi mwa watu wasiojiandaa.