Sheria Kabla ya Chuo Kikuu: Usomaji wa Tamthiliya ya *Kwenye Ukingo wa Thim* kwa Jicho la Mwanafunzi wa Mngeta

Shule za sekondari za Tanzania hazina somo liitwalo Sheria. Mahakama, katiba na haki za binadamu zimekuwa zikiguswa katika somo la Uraia kidato cha kwanza hadi cha nne, na katika somo ambalo wanafunzi wa kidato cha tano na sita waliliita GS kabla ya mabadiliko ya mtaala ya mwaka 2023. Masomo yote mawili yalifundishwa kwa Kiingereza na kwa mtindo wa orodha: mihimili ya dola, ngazi za mahakama, aina za haki. Anayetaka kusoma sheria yenyewe kabla ya shahada hulazimika kwenda chuo cha kati, kama Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoko Lushoto, kinachotoa astashahada na stashahada ya sheria. Wengine wote hufika chuo kikuu bila somo hilo, na vyuo haviwadai. Anayekwenda kusomea udaktari huingia akiwa amesoma biolojia. Anayekwenda kusomea sheria kutoka tahasusi ya HKL huingia akiwa amesoma tamthiliya.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba kauli hiyo ya mwisho si ya kubeza. Miongoni mwa tamthiliya zilizotahiniwa kwa miaka mingi katika kidato cha tano na sita imo *Kwenye Ukingo wa Thim* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1988. Ndani yake limo swali la kisheria ambalo somo la Uraia halijawahi kulifikia. Tatizo ni kwamba namna inavyosomwa madarasani hulifunika swali hilo.

Chimbuko la tamthiliya linafahamika. Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu, alitaka kumzika katika shamba lao la Matasia, karibu na Ngong, akidai kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa matakwa ya marehemu. Ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, pamoja na ukoo wa Umira Kager, walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa mila za Wajaluo. Mwezi Februari 1987 Jaji Bosire wa Mahakama Kuu aliupa ukoo haki ya kuzika. Mahakama ya Rufaa ikaithibitisha hukumu hiyo mwezi Mei, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi mitano baada ya kufa. Mwaka mmoja tu baadaye Hussein, Mtanzania, akaitoa tamthiliya yake kwa Kiswahili, ambamo Martha na ukoo wa mumewe Herbert wanaugombea mwili wa Herbert.

Miongozo ya wanafunzi huiweka kazi hii chini ya vichwa vinavyozoeleka: mila potofu, nafasi ya mwanamke, ukabila, ndoa ya mseto, mgongano wa ujadi na usasa. Swali la mtihani linapotaka mwanafunzi ajadili dhamira kwa kutumia tamthiliya mbili, jibu huwa tayari. Ukoo unawakilisha giza la jadi, Martha anawakilisha mwanga wa usasa, na mwandishi anatutaka tuache mila zilizopitwa na wakati. Usomaji huu si wa uongo mtupu, kwani huruma ya tamthiliya kwa mjane ni dhahiri. Lakini unaacha nje jambo ambalo tukio lenyewe lilikuwa limeliweka wazi kuliko yote. Ukoo haukushinda kwa nguvu za jadi. Ulishinda mbele ya majaji wa dola, katika lugha ya Kiingereza, kwa taratibu zilizorithiwa kutoka Uingereza na kwa hoja za mawakili. Kwa hiyo kusema kwamba mila iliishinda sheria ni kukosea tangu mwanzo, maana iliyoamua kwamba mila ndiyo itawale ni sheria. Neno "mila potofu" linamwezesha mwanafunzi kumhukumu mzee wa ukoo huku akimsahau jaji.

Jina la tamthiliya lingepaswa kumzuia msomaji asiende haraka hivyo. *Thim* kwa Kijaluo ni pori, mahali palipo nje ya makazi ya watu. Hussein hakuwaweka wahusika wake ndani ya pori wala nyumbani, amewaweka ukingoni. Miongozo husoma pori kama jadi na nyumbani kama usasa. Ipo tafsiri nyingine inayolingana zaidi na muktadha wa mwaka 1987: ukingo ni pale ambapo mtu yumo chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja na hajui ipi itamshika. Herbert akiwa hai anaweza kuishi chini ya zote mbili bila kuulizwa. Kifo ndicho kinachowalazimisha wengine wachague kwa niaba yake, na wakati huo yeye hana tena sauti. Matakwa yake yamebaki kuwa maneno yanayosimuliwa na wenye masilahi. Hapa mwanafunzi angeweza kujifunza mambo mawili ya msingi katika taaluma ya sheria bila kufungua kitabu cha sheria hata kimoja. La kwanza ni uteuzi wa sheria: mahakama huamuaje kwamba fulani atahukumiwa kwa mila na si kwa sheria nyingine? La pili ni ushahidi: mila huthibitishwaje? Katika kesi ya Otieno waliotoa ushahidi upande wa ukoo ni pamoja na mwanafalsafa wa chuo kikuu, Odera Oruka, na mchimba makaburi. Mahakama iliyowasikiliza watu hao wawili juu ya jambo lile lile inastahili kujadiliwa darasani kwa kipindi kizima.

Kwa msomaji wa Tanzania, swali la uteuzi wa sheria lina uzito wa pekee, kwa kuwa nchi hii ilikuwa imelijibu kwa namna tofauti. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, Mahakama Kuu ilikabiliwa na marehemu aliyeishi mjini na mke wa kabila tofauti na lake. Mahakama ilitazama alivyoishi, ikaona kwamba alikuwa ameuacha mwenendo wa maisha ya kimila, na kwa hiyo mirathi yake haikufuata mila. Kigezo hicho cha mwenendo wa maisha, pamoja na nia ya marehemu, kimeendelea kutumika katika mashauri ya mirathi nchini. Miaka 18 baadaye Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikataa hoja inayofanana nayo, ikiona kwamba Mwafrika wa Kenya hawezi kujivua kabila la baba yake kwa namna alivyochagua kuishi. Mazishi na mirathi si kitu kimoja, na ulinganishi huu usivutwe kupita kiasi. Hata hivyo, unatosha kuonyesha kwamba kushindwa kwa Martha hakukuwa lazima ya Afrika wala ya jadi. Palikuwa na njia nyingine ambayo mahakama ya nchi jirani ilikwisha kuipita.

Mazingira ya msomaji ni sehemu ya uhakiki. Mwanafunzi anayetoka Mngeta, katika bonde la Kilombero, hahitaji kuelezwa maana ya ukingo. Shamba kubwa la mpunga la Mngeta, lenye hekta 5,818, lilianzishwa na ubia wa Tanzania na Korea Kaskazini, likawa chini ya RUBADA, kisha kuanzia mwaka 2008 chini ya kampuni ya KPL. Ardhi hiyo ilikuwa na hatimiliki. Ukivuka mpaka wake unaingia ardhi ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaitambua kwa hakimiliki ya kimila. Mtu anaweza kulima mpunga pande zote mbili za mpaka huo kwa jembe lile lile na msimu ule ule, lakini sheria inayomlinda hapa siyo inayomlinda pale. Isitoshe, kifungu cha 20 cha sheria hiyo hakiipokei mila yoyote ile: mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hapo ndipo palipo na neno "potofu" lenye meno, ndani ya sheria yenyewe, wala si katika orodha ya dhamira.

Bonde hilo pia limepokea wahamiaji wengi. Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wahehe wanaishi pamoja na Wasukuma waliofika na mifugo na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Sheria ya mirathi ya kimila iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 haimpi mjane fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Hutegemea kutunzwa na watoto. Wajane wawili kutoka Shinyanga waliipinga kanuni hiyo, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba ina ubaguzi lakini ikakataa kuifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba haki za wajane hao zilikiukwa. Mila husafiri na mtu. Binti wa Kisukuma aliyezaliwa Mngeta, akamwona mama yake akilima jaruba la mpunga lililofunguliwa na baba, anaisoma *Kwenye Ukingo wa Thim* akiwa na jambo la kupoteza.

Inaweza kupingwa kwamba somo la fasihi si mahali pa kufundishia sheria, na kwamba mwalimu wa Kiswahili hakuandaliwa kwa kazi hiyo. Pingamizi hili lina nguvu pale linapohusu vifungu na namba za mashauri. Linadhoofika pale linapohusu swali lenyewe, kwa kuwa Hussein ameliweka katika mgogoro mkuu wa kazi yake, na mhakiki asiyeligusa hajaieleza tamthiliya. Aidha, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, ilhali somo la Kiswahili ndilo pekee ambalo mwanafunzi wa sekondari ya serikali alijengewa ndani yake uwezo wa kubishana kwa kirefu, kwa maandishi, katika lugha hiyo.

Inabaki suala la utungaji wa mitihani. Binti yule wa Mngeta akiandika kwamba Martha alishindwa kwa sababu ya mila potofu, atapata alama zake zote. Akiandika kwamba Martha alishindwa kwa sababu mahakama iliichagua mila, na akauliza iliichagua kwa kigezo gani, mwongozo wa kusahihishia uliojengwa juu ya orodha ya dhamira hauna mahali pa kuiweka alama yake.