Oskar hufikaje nyuma ya yai?

Nzi wa matunda huamua kichwa na mkia wa mtoto wake kabla yai halijatagwa. Sehemu kubwa ya uamuzi huo iko kwenye RNA ya jeni iitwayo oskar, ambayo hukusanyika kwenye ncha ya nyuma ya yai. Bila oskar, kiinitete hakipati tumbo wala seli za uzazi. Mwaka 1992 Anne Ephrussi na Ruth Lehmann waliipachika anwani ya bicoid, jeni ambayo RNA yake hukaa mbele. Seli za uzazi zikaota mbele, na mahali pa kichwa pakatokea tumbo la pili. Kumbe kinachoamua ni mahali oskar inapowekwa.

Lakini inafikaje? RNA hii hutengenezwa na seli 15 zinazolilisha yai, kisha huvutwa na mota ya daineini kupitia matundu yanayoziunganisha seli hizo na yai. Humo ndani mota nyingine, kinesini, hupokea kazi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kinesini ikiondolewa, oskar haifiki nyuma. Hata hivyo mabishano hayakwisha: inabebwa moja kwa moja, inaelea mpaka inaswe, au inafukuzwa tu kutoka kwingine? Picha za mayai yaliyokwisha kuhifadhiwa kwa dawa zilionyesha mzigo ulipo, si njia uliyopita.

Jibu lilitoka Cambridge mwaka 2008, katika maabara ya Daniel St Johnston. Walichomeka kwenye RNA ya oskar vitanzi kutoka kirusi cha bakteria kiitwacho MS2. Protini inayovishika vitanzi hivyo wakaiunganisha na protini ya kijani inayong'aa, wakaifuata RNA kwa hadubini ndani ya yai lililo hai.

Chembe za RNA hiyo zilikwenda kila upande! Zilizoelekea nyuma zilizizidi nyingine kidogo tu, na ziada hiyo ndogo ikatosha. Sababu iko kwenye nyuzi za mikrotubuli, ambazo kinesini huzifuata kuelekea ncha zake zinazokua. Nyuzi hizo zimesukwa ovyo kama vichochoro vya Mji Mkongwe, ila ncha zinazokua zinazotazama nyuma ni nyingi kidogo kuliko zinazotazama mbele.

Kwangu, ushahidi mzito zaidi ni wa nzi wenye kasoro katika jeni za mago na barentsz. Kwao ziada hiyo iligeuka, chembe nyingi zikaelekea mbele, na RNA ikarundikana huko huko. Mwelekeo ulipobadilika, na mahali pa kufikia pakabadilika.

Uchukuzi wa kubahatisha namna hii ungekuwa hatari kama oskar ingeanza kazi njiani. Haianzi. Protini iitwayo Bruno huizuia isisomwe mpaka ifike nyuma, ambako protini ya Oskar yenyewe husaidia kuishikilia RNA isiondoke tena.