Waliolala Baraka ni watoto wa nani?

Wandugu, nimemaliza kusoma vitabu viwili juu ya vita ya 1965 upande wa Fizi, kwa majirani zetu wa Kabambare, na sikufurahi. Cha kwanza ni Congo Mercenary cha Mike Hoare, kilichotoka 1967. Cha pili ni kumbukumbu za Che Guevara za huku Kongo, zilizochapishwa miaka mingi kisha kifo chake.

Tarehe 27 mwezi wa tisa 1965, alfajiri, mamluki wa Hoare walishuka kutoka mashua karibu na Baraka, kandokando ya Tanganyika. Juu walisaidiwa na ndege za marubani Wakuba waliomkimbia Castro. Simba hawakutoroka. Walikaza, na mapigano yaliendelea kwa siku kadhaa.

Hoare anashangaa. Anaandika kama hawa si Simba aliowazoea, hawa wanapigana kwa mpango na wanatii filimbi. Halafu anatoa jibu haraka: eti wanaongozwa na wataalamu. Hapo namkatalia. Wakuba walikuwako, kweli, lakini walikuwa mia moja na kitu tu mu eneo zima. Kwenye mitaro walijaa watoto wa hapa.

Che, ambaye hakuwako Baraka siku ile, ni mkweli zaidi. Toka mwanzo anakubali anasimulia kushindwa. Ila naye, Simba wakikimbia, anataja woga na dawa; wakipigana vizuri, sifa inaenda kwa mwalimu.

Angalieni na majina. Wakuba walijipa hesabu zetu: Dreke alikuwa Moja, Che mwenyewe Tatu. Wanne wao wakafa Bendera mwezi wa sita, na tunawajua wote. Hoare naye anawataja watu wake kwa majina. Simba wanaanguka tu, “wengi”. Hata askari wa ANC waliokuwa upande wa Hoare wanapita kama kivuli.

Kwetu, mdogo wa kiume wa nyanya yangu aliondoka Kabambare kuelekea Fizi mu vita ya Mulele. Hakurudi, na matanga hayakufanywa, kwa sababu hakuna aliyeleta habari. Juzi nikamtafsiria nyanya ukurasa wa Baraka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

“Na ule wa kupiga filimbi, alikuwa mutoto wa nani?”

Nikarudi nyuma kurasa mbili, nikatafuta. Yeye alikuwa bado anangoja.