Gari Zuri, Vioo Havishuki

Aliyechora Lotus Elite hakusomea kuchora magari. Peter Kirwan-Taylor alikuwa mhasibu tu. Mimi niliyeacha chuo nilitamani hadithi iishie hapo: mnaona, karatasi si kitu!

Lakini tuliangalie gari lenyewe. Lilizinduliwa London mwaka 1957. Halina chesisi ya kando. Bodi ya faibaglasi ndiyo inabeba mzigo. Kwa macho, kusema kweli, sijaona paa tamu kuliko hilo. Na halikuwa pambo: Le Mans lilishinda daraja lake mara sita.

Sasa ingia ndani. Kioo cha mlango kimepinda kufuata umbo, kwa hivyo hakishuki. Ukisikia joto, unakichomoa na kukiweka nyuma ya kiti. Difu imefungwa kwenye bodi yenyewe, basi kelele zote ni zako.

Yaliuzwa kama elfu moja hivi. Mimi bado nalipenda, ila somo langu limebadilika. Mhasibu alithubutu, sawa, lakini upepo aliusoma Frank Costin, mtu wa ndege. Na penye dirisha, uzuri ulimsahau anayeketi ndani. Insha zangu kadhaa zina kasoro hiyo hiyo.