Pongezi kwa Wachimbaji wa Misingi Kisumu

Nyumba ya Kisumu husifiwa kwa bati na rangi yake, na fundi wa matofali hupewa heshima. Mimi nampongeza anayetangulia wote kufika kiwanjani: mchimbaji wa msingi.

Kuanzia Nyalenda hadi uwanda wa Kano, sehemu kubwa ni udongo mweusi, ule unaovimba mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha, kisha ukafanya nyufa jua linaporudi. Ukuta uliosimamishwa juu yake ovyo hupasuka nao. Kwa hiyo mtu anapoongeza karakana ndogo ya kuchomelea ubavuni mwa nyumba yake, mchimbaji hakisii. Hupigilia vigingi, hufunga uzi, kisha huhakikisha pembe kwa futi 3, 4 na 5. Zikikubaliana, kona imekaa sawa. Ndipo sururu inaposhuka, hadi ardhi ngumu ionekane. Udongo mweusi hutolewa, na nafasi yake hujazwa mawe na maramu, vikashindiliwa.

Mtazame anapokaribia msingi wa zamani. Hapo huweka sururu kando na kutumia jembe, kipande kwa kipande, asije akaiacha nyumba ikining'inia. Udongo hunata kwenye beleshi; huukwangua kwa kijiti na kuendelea. Huo ni ufundi kamili, na malipo yake yangefaa kuhesabiwa hivyo, si kama kibarua cha nguvu tupu. Nawaambia hasa wenye nyumba wanaombania bei asubuhi, kisha wakamharakisha aache kuchimba kabla hajafika chini panapostahili.