Kitako cha Kiondo, Duara la Kitambaa

Nadhani baridi ya Nyeri ina mchango wake. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya haujulikani uko upande gani, watu huingia ndani mapema, na mikono iliyoweka jembe chini hutafuta kitu kingine cha kushika. Kuanzia Othaya hadi Karatina, Kerugoya hadi Embu, ni nadra uingie sebuleni usikute vitambaa vya krosheti: mgongoni mwa kochi, kwenye mikono ya kochi, juu ya stuli, juu ya redio. Zamani televisheni nayo ilikuwa na chake, cheupe, pembe moja ikining'inia juu ya kioo. Televisheni bapa ndizo zilizokifukuza, maana hazina paa la kukilaza.

Vijana wanaorudi kutoka Nairobi huvicheka vitambaa hivi, kisha wakipanga nyumba zao hupiga simu nyumbani kuuliza kama vya zamani bado vipo. Mimi sivicheki. Kitambaa cha duara kilicholala bapa mezani, bila kuinuka ukingoni na bila kufanya mawimbi, ni kitu kigumu kukipata, ingawa vifaa vyake ni bonge la uzi wa pamba na sindano moja ya chuma yenye ndoano kichwani.

Kazi huanza na mnyororo mfupi, mishono sita hivi, unaounganishwa ncha kwa ncha hadi uwe pete. Mfumaji hupitisha sindano ndani ya pete hiyo na kuizungushia mishono mirefu 12. Mzunguko wa pili una mishono 24, kila shono la chini likibeba mawili juu yake. Hapo mwanafunzi hudhani ameshaijua siri, kwamba kila mzunguko ni maradufu ya uliotangulia, naye anakwenda kufuma 48. Siyo. Mzunguko wa tatu ni 36, wa nne 48, wa tano 60. Kinachoongezwa ni 12 kila mara, kiwe kitambaa cha kuwekea kikombe au cha kufunika meza nzima.

Sababu yake ni ile ya darasani. Mzingo wa duara ni nusu kipenyo mara 6.28. Shono refu lina kimo karibu mara mbili ya upana wake, kwa hiyo kila mzunguko husogeza ukingo nje kwa upana wa mishono miwili, na mzingo hurefuka kwa mara mbili ya 6.28, yaani mishono 12 na kidogo. Anayefuma kwa shono fupi, ambalo kimo na upana wake vinakaribiana, huongeza sita tu. Shosho anayefuma akisubiri matatu pale stendi ya Nyeri hapigi hesabu hii. Hukilaza kitambaa kwenye goti, akakipapasa kwa kiganja kuanzia katikati kwenda nje. Ukingo ukiinuka, ameongeza kidogo mno. Ukifanya mawimbi, amezidisha. Kwa vyovyote hufumua, na ufumuaji wa krosheti ni mwepesi hadi unatia huruma: unavuta ncha moja, na kazi ya saa nzima inarudi kuwa uzi kabla hujamaliza kusikitika.

Mawimbi hayo yanayofumuliwa yana heshima yake mahali pengine. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, mwanahisabati kutoka Latvia aitwaye Daina Taimina alikuwa akitafuta namna ya kuwashikisha wanafunzi wake uso wa jiometri ya haipaboli, uso ambao kila unapokwenda mbali na kitovu unapata nafasi nyingi kuliko bapa la kawaida. Vielelezo vya karatasi vilikuwa vikichanika. Akachukua sindano ya krosheti, akaongeza mishono kupita kiasi kwa makusudi na kwa uwiano usiobadilika, na kitambaa kikajikunja mawimbi juu ya mawimbi. Wanahisabati wakapata kitu cha kushika. Kule Mukurwe-ini kingefumuliwa.

Vitambaa vya viti si asili yetu, na hakuna haja ya kuona haya kulisema hilo. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na wanaume waliopaka nywele mafuta mengi, na wake zao wakaweka vitambaa migongoni mwa viti kuviokoa. Ireland, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, watawa wa Ursuline waliwafundisha wanawake maskini kufuma lesi ya krosheti wakauza, wakapata chakula. Huku kwetu kazi za sindano zilikuja na misheni, wale wa Uskoti pale Tumutumu karibu na Karatina na wale wa Consolata pale Nyeri, mwanzoni mwa karne ya 20, na wasichana wakafundishwa pamoja na kusoma. Jambo moja ningependa mnunuzi alijue. Hadi leo viwanda havijapata mashine ya kufuma krosheti ya kweli. Vinachotoa ni ufumaji mwingine unaoiga sura yake. Ukikuta krosheti halisi, iwe sokoni Karatina au kwenye duka la kifahari ng'ambo, kuna mtu aliyeishika shono kwa shono.

Lakini wanawake wa mlimani walikuwa na duara lao tangu zamani, kabla ya misheni yoyote. Nalo ni kitako cha kiondo, mfuko wa kusukwa wa kubeba begani.

W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, waliokaa karibu na Nyeri mwanzoni mwa karne iliyopita, walichapisha mwaka 1910 kitabu kuhusu Wakikuyu na kazi zao za mikono, na mfuko wa kamba ulikuwa miongoni mwa vitu vilivyowavutia. Wakati ule uzi ulitoka kwenye gome la vichaka, mugio ukiwa maarufu. Mkonge ni mgeni: Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000 ikaondoka na 62 ikafika hai, na kutoka mwanzo huo mwembamba mashamba ya Afrika Mashariki yakajaa. Siku hizi mlimani kuna uzi wa tatu, nao nitaurudia.

Uzi wowote ule, husokotwa kwenye paja. Msokotaji huweka nyuzi mbili sambamba juu ya ngozi, zikiachana kidogo, na kuzisukuma kwa kiganja kuelekea gotini. Kila moja hujinyonga peke yake. Kisha huzikutanisha na kurudisha kiganja nyuma, na hapo zinakumbatiana kwa kujinyonga upande wa pili. Mnyongo wa kwanza unataka kufumuka, wa pili unataka kufumuka, na kwa kuwa kila mmoja anavuta kinyume cha mwenzake, kamba haifumuki. Harakati nzima ni ya kufumba na kufumbua. Mkono unakwenda, unarudi, vidole vinaongezea nyuzi mpya kabla ya zile za zamani kwisha, bila fundo, na shosho wakati huohuo anakuuliza mtoto wako wa pili anasoma shule gani.

Kusuka kunaanzia katikati. Kamba chache za kusimama hukutanishwa kwa kupishana, zikabanwa. Halafu nyuzi mbili za kusukia huanza kuzizunguka: moja hupita mbele ya kamba, nyingine nyuma, zinapishana, ya mbele inakwenda nyuma na ya nyuma inakuja mbele, hadi kamba inayofuata. Kamba zinapoanza kuachana kwa sababu duara limepanuka, msusi hukunja kamba mpya katikati na kuipachika kwenye pengo, zikawa mbili zaidi za kusimama. Kitako hupanuka hivyo, mzunguko kwa mzunguko, na sheria ni ileile ya kitambaa: ukichelewa kuongeza kinakuwa bakuli, ukiharakisha kinakuwa sikio la tembo.

Na hapa ndipo ninapoistahi kazi hii kuliko zote. Kosa la kitambaa ndilo ukuta wa kiondo. Kitako kikishafikia upana unaotakiwa, msusi anaacha kuongeza. Hakunji chochote wala hashoni pembe. Anaendelea kusuka vilevile alivyokuwa akisuka, mbele nyuma, mbele nyuma, ila hapachiki kamba mpya, na kwa kuwa mzingo hauna tena pa kukua, ukingo wenyewe unasimama. Mizunguko kadhaa baadaye kuna ukuta. Anayetazama kwa mara ya kwanza hutafuta mahali palipofanyika ujanja na hapaoni. Akitaka tumbo la kiondo lijae kidogo, anaongeza kamba chache hapa na pale. Akitaka mdomo ubane, anaanza kuziunganisha. Umbo lote linatokana na uamuzi mmoja, kuongeza au kutoongeza, unaofanywa kamba kwa kamba. Nimewahi kusikia msusi akisema kitako ndicho kiondo, kuta ni kujaza tu. Alitia chumvi. Mistari ya rangi ukutani ina hesabu yake, kwa kuwa mchoro usipogawanyika sawasawa kwenye idadi ya kamba hautakutana unapozunguka. Ila naelewa alichomaanisha: ukuta uliopinda unaweza kufumua mizunguko mitano, lakini kitako kilichopinda ni cha kuanza upya.

Ule uzi wa tatu ni sweta. Katika mitumba ya Karatina kuna sweta ambazo hazinunuliwi zivaliwe. Zina kiwiko kilichotoboka au shingo iliyolegea, na mnunuzi anaangalia rangi, anavuta ncha kujua kama zitafumuka bila kukatika, basi. Nyumbani hufumuliwa, uzi ukasokotwa upya pajani uwe mnene wa kusukia, na kamba za kusimama mara nyingi hutoka kwenye magunia ya nailoni yaliyochambuliwa. Wapo wanaosema kiondo cha sweta si kiondo, kwamba cha kweli ni cha mkonge. Sikubaliani nao. Cha mkonge kinapendeza dukani. Cha sweta ni chepesi, hakikwaruzi bega, kinafuliwa, na kina rangi za zambarau na machungwa ambazo mugio haukuota kamwe kuzitoa. Na aliyekisuka hakutumia pesa nyingi kupata vifaa, jambo ambalo kwa kazi za nyumbani ndilo la kwanza kuulizwa.

Anayetaka sufu yenyewe aende Nanyuki, karibu na mstari wa ikweta, ambako Nanyuki Spinners and Weavers, kikundi cha wanawake kilichoanza mwaka 1977, bado husokota sufu ya kondoo kwa gurudumu la kukanyagwa kwa mguu na kuifuma mazulia na shali kwa mikono. Gurudumu lile hufanya kazi ya paja, kwa kasi zaidi.

Kama zawadi, kiondo kina adabu zake. Wanawake wanapokwenda itega, yaani kupeleka zawadi kwa pamoja, kwa bibi harusi, au kumwona mama aliyejifungua, hawaendi na kiondo kitupu: kina unga, sukari, ndizi, njahi, na kikirudi hurudi na kitu ndani. Kile kinachotolewa kabisa, kibaki, ni cha bibi harusi na cha mama mkwe kwenye ruracio, sherehe ya mahari. Vitambaa navyo hutolewa kwa seti, kochi zima, na katika vyama vingi vya akina mama huwa ni zamu. Huyu wa mwezi huu, yule wa mwezi ujao, kila mwanachama akifuma vipande vyake nyumbani. Tatizo la seti kama hiyo ni kwamba mikono haivuti uzi sawa. Ukitazama vizuri utaona kipande kimoja kidogo kuliko wenzake, na wenyewe humjua aliyekifuma.

Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Kenya, vyondo vimerudi kwenye mabega ambayo yalikuwa yamevisahau. Bei haijapanda ipasavyo. Mteja atalipa mamia ya shilingi kwa kikombe cha kahawa na keki mjini, kisha apunguziwe kiondo kilichomaliza jioni za mtu, na akishapunguziwa ajisifu. Mimi ningemshauri anunue kwa namna nyingine. Ageuze kiondo juu chini kabla hajauliza bei. Atazame kitako: kama kinakaa bapa mezani, kama kitovu chake kimebana bila tundu, kama kamba zilizoongezwa zimegawanyika pande zote badala ya kurundikana upande mmoja. Atie mkono ndani apapase mafundo. Kikiwa safi, bei iliyotajwa ni ya haki, aitoe.

Mikanda ya ngozi isimsumbue sana. Hiyo hutiwa mwisho, mara nyingi na fundi viatu wala si msusi, na ndiyo itakayokatika kwanza. Ikikatika, fundi yeyote wa stendi, Karatina au Kerugoya, ataishona mingine akisubiriwa. Kiondo chenye kitako kizuri huimaliza mikanda kadhaa.